Mtoto Hahamishwi kwa Karatasi



Chukueni mfano ambao mtaani kwenu hamtaukosa. Mama wa Tabora amepata kazi za ndani Muscat. Binti yake wa miaka 13 anabaki Dar es Salaam kwa mama yake mkubwa, asikatize shule. Inaandikwa karatasi, inapigwa muhuri wa serikali ya mtaa: mama mkubwa atakuwa mlezi wa mtoto “kwa mambo yote”. Miaka mitatu baadaye mama anarudi kumchukua mwanawe, naye dada mtu anaitoa ile karatasi kabatini.

Karatasi ile haikumvua mama umama wake mbele ya sheria. Ilimpa dada ruhusa ya kutenda kwa niaba yake: kumwandikisha shule, kumpeleka hospitali, kumkanya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi, mlezi, au ndugu anayemtunza mtoto kuomba mahakamani haki ya kukaa naye, na mahakama inaweza kuiondoa haki hiyo kwa mmoja na kumpa mwingine. Ikiwa hata amri ya mahakama hubadilika, sembuse muhuri wa mtaa?

Lakini mama asishangilie mapema. Sheria hiyohiyo inasema ni vema mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa kama wanakiuka haki zake mara kwa mara. Kisha inamtaka hakimu aangalie pia mwendelezo wa malezi, na maoni ya mtoto yaliyotolewa kwa uhuru. Dhana ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hufaa akae na mama yake, haimgusi tena binti huyu. Sasa ana miaka 16, yuko kidato cha tatu.

Mwendelezo huo wa malezi waweza kuwashinda hata wazazi wema. Mwaka 1969 Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, liliamua shauri linalojulikana kama J dhidi ya C. Wazazi wa Kihispania walikuwa wamemwacha mwana wao kwa familia ya Kiingereza mama alipougua kifua kikuu. Baadaye walimdai, na shauri lilipofika kwa Malodi alikuwa na miaka 10, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Wazazi hawakuwa na hatia yoyote. Hata hivyo mtoto aliachwa kwa walezi, kwa kuwa ustawi wake uliwekwa mbele ya madai yote. Kila nikiisoma hukumu hiyo nawahurumia wale wazazi, na bado naona majaji hawakukosea.

Wapo wanaosema kumuuliza mtoto ni desturi ya Kizungu. Si kweli. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walikwisha kutenganisha hadhana, yaani kumtunza mtoto siku kwa siku, na uwalii, yaani mamlaka juu ya nafsi na mali yake. Mama aliweza kuwa na hadhana huku baba akibaki walii. Na mtoto wa wazazi walioachana, akifika umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa kuwa miaka 7, alipewa nafasi ya kuchagua akae na nani. Ikiwa wa miaka 7 alisikilizwa, wa miaka 16 tunamnyamazishaje?

Kwa hiyo kumpakia binti kwenye basi la Tabora alfajiri, bila kumwambia, ni kosa hata kama anayefanya hivyo ndiye aliyemzaa. Na mlezi anayemzuia mtoto kupokea simu ya mama yake amevuka mpaka wa kazi aliyopewa. Mama aliyepiga simu kila Ijumaa na kutuma ada ana hoja nzito kuliko aliyenyamaza miaka mitatu. Atunze stakabadhi zake.

Ninawaomba wazazi mnaosafiri: andikeni ulezi ni wa kazi gani na unaisha lini. Andikeni mtoto atazungumza nanyi siku zipi, na likizo atakuwa wapi. Mpelekeeni afisa ustawi wa jamii karatasi hiyo aisome kabla ya safari. Na siku ya kutia saini, mtoto awepo chumbani, aulizwe, na alichosema kiandikwe.