Hesabu za Ajali na Daftari Letu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya hesabu za Serikali zihusuzo ajali za barabarani na za kazini. Huenda baadhi yenu mkaona kwamba hesabu ni kazi ya makarani tu. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, watu je?

Tuanze na barabara. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hutangaza idadi ya wafao katika barabara za Kenya. Mwaka 2023 iliandika watu 4,324. Mwaka 2024 ikaandika 4,748, yaani 424 zaidi. Kundi lililo kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu: kibarua arudiye nyumbani jioni, mama atokaye sokoni, mtoto wa shule.

Hata hivyo, hesabu hizi yatupasa kuzisoma kwa uangalifu. Kwa mwaka 2016 hesabu ya Serikali ilikuwa watu 2,965. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba waliokufa Kenya mwaka ule walikuwa 13,463, zaidi ya mara nne. Hatusemi kwamba kuna aliyesema uongo. Moja ni hesabu ya walioandikwa, na ya pili ni makadirio ya wataalamu. Hesabu ya walioandikwa huanza katika kitabu cha polisi. Askari hufika, akaandika aliyoyakuta. Majeruhi akifa hospitalini siku ya kumi, yampasa kuhesabiwa miongoni mwa waliokufa kwa ajali, maana kanuni ya mataifa ni siku 30. Lakini habari yake hapana budi irudi kituoni. Isiporudi, kitabu humhesabu kuwa yu hai.

Sasa tuje kazini. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri, akiisha kuarifiwa ajali, ampelekee habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7. Na ikiwa mtu amekufa, katika muda wa saa 24. Sheria hiyo yasema pia kwamba mfanyakazi achukuliwaye bure kwenda au kutoka kazini katika gari lililowekwa na mwajiri kwa ajili hiyo, huhesabiwa yu kazini. Basi dereva, utingo, na vibarua waliopanda nyuma ya lori la bwana wao, wakipata ajali, ajali hiyo ni ya barabarani na ya kazini pia. Lakini mara nyingi huandikwa katika kitabu kimoja tu, na kile cha pili hubaki kitupu.

Ndugu, hapa inatubidi tukiri kosa letu wenyewe. Mwanachama mmoja, utingo wa lori la mchanga, alianguka gari lilipokuwa likikata kona, akafa. Chama kilichanga, kikatoa sanduku, kikasindikiza maiti hadi nyumbani. Miezi 14 baadaye mjane wake alikuja ofisini akiuliza kama kuna haki yoyote ya watoto. Tulikwenda kituoni, tukakuta marehemu ameandikwa kuwa abiria. Tulimwuliza mwajiri, akasema hakupeleka habari popote. Kisha tukafungua daftari letu la rambirambi. Jina lake limo, fedha zimo mpaka senti ya mwisho, na penye sababu ya kifo tuliandika neno moja: ajali. Madai yalipaswa kupelekwa katika muda wa miezi 12. Tumemwandikia Mkurugenzi, na hata leo hatujapata jibu. Mama yule hakutulaumu, na hilo latuumiza zaidi.

Kwa hiyo Halmashauri imeazimia kwamba kuanzia mwaka huu daftari liwe na nafasi za kuandika haya: siku na mahali pa ajali, marehemu au majeruhi alikuwa akifanya kazi gani, na ya nani, gari lilikuwa la nani, nambari ya taarifa iliyoandikwa kituoni, hospitali aliyopelekwa, na siku mwajiri alipoarifiwa. Kila mjumbe wa mtaa atalijaza kabla ya siku 7 kwisha. Mtu akifa hospitalini, mjumbe atarudi kituoni kuhakikisha kwamba limeandikwa. Nanyi wanachama, mkiumia, hata kidole tu, mwarifuni mwajiri kwa barua na mshike nakala. Msiseme, ni jambo dogo, nitafukuzwa kazi. Jeraha lisiloandikwa hali fidia, wala haliongezi hata moja katika hesabu ambazo Serikali huzitazama ipangapo njia za waendao kwa miguu na wakaguzi wa kazi.

Hatuwezi kuzuia kila ajali. Lakini twaweza kuhakikisha kwamba hakuna mtu wetu afaye bila kuhesabiwa. Tukishindwa hata hilo, na tusijiite chama cha ustawi.