Sinema ya Zamani na Boti za Omena

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Mumias)

Juzi tulipoonyesha ile sinema ukumbini, vijana walinung'unika: haina rangi, tena ni ya 1958! Wao wanaijua ile ya 1997 yenye wapendanao. Lakini hakuna aliyetoka kabla haijaisha, kwa hiyo tuizungumzie kidogo.

Inaitwa A Night to Remember. Ilitengenezwa Uingereza, nayo yaeleza kuzama kwa Titanic usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912. Mshauri wake mmoja, Joseph Boxhall, alikuwa afisa ndani ya meli ile ile. Utamu wake ni kwamba haimfuati shujaa mmoja tu. Utaona mafundi wa mitambo, wapiga muziki, mwoka mikate, na maskini wa vyumba vya chini. Maji yanapanda polepole, nawe unajikuta unahesabu.

Na hesabu ndiyo inayochoma. Watu walikuwa kama 2,200. Mashua za kuokolea zilikuwa 20, za kutosha watu 1,178 tu. Kumbe sheria ya wakati ule haikuvunjwa! Sheria ilitazama uzito wa meli, haikuhesabu vichwa. Tena mashua nyingine ziliondoka nusu tupu, maana watu hawakuamini kwamba meli inazama. Meli ya Californian ilikuwa karibu, lakini fundi wake wa simu ya upepo alikuwa amelala. Fataki zilionekana, watu wakabaki kuulizana ni za nini. Zaidi ya 1,500 walikufa.

Taa zilipowashwa mama mmoja akauliza, "Sasa hayo ya Wazungu yatuhusu nini?" Mwenzake wa nyuma akajibu neno moja: "Mtongwe." Ukumbi ukanyamaza. Aprili 29, 1994 feri ilipinduka pale Mombasa, watu 272 wakafa. Mei 21, 1996 ikafuata MV Bukoba karibu na Mwanza, nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Wengi wetu hufuata omena ziwani, na boti tunapanda bila kuuliza. Si eti hatuoni. Tunaogopa kuitwa waoga, na nauli tumeshalipa. Kikundi kimoja sasa kimekubaliana hivi: mwekahazina hatoi nauli mpaka jaketi za kuokolea zihesabiwe. Zisipotosha, wanangoja boti nyingine. Wiki iliyopita walingoja hadi saa nane mchana. Walirudi wamekasirika, na omena kidogo.