Msafiri wa Marekani na Viongozi Wake katika Nchi ya Tana na Lorian



Mgeni aingiapo katika nchi asiyoijua hutembea kwa macho ya kuazima, na mwenye macho hayo ni kiongozi wa njia. Mazungumzo ya leo ni habari za Bwana William Astor Chanler, Mmarekani, aliyepita katika nchi ya mto Tana na mto Uaso Nyiro mwaka 1892 na 1893, wakati mji wa Garissa ulipokuwa haujakuwako bado. Alikuwa akitafuta ziwa. Yaliyompata katika kulitafuta yastahili kusimuliwa kwa watu wa nchi ile ile.

Chanler alikuwa kijana wa miaka 25, wa jamaa ya Astor, matajiri wakubwa wa New York. Alikwisha kufika Afrika ya Mashariki mara moja, mwaka 1889, akazunguka pande za Kilimanjaro. Mara hii alifuatana na Luteni Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria, hodari wa kupima nchi na kuchora ramani. Von Höhnel naye hakuwa mgeni. Mwaka 1887 na 1888 alisafiri na Count Teleki wa Hungaria, na katika viongozi wa msafara ule walikuwamo Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe, na Qualla Idris, Msomali. Msafara wao ulifuata uvumi wa maji makubwa yaliyoko kaskazini, na uvumi ukawa kweli: mwezi wa Machi 1888 walilifikia ziwa ambalo leo laitwa Turkana. Mtu aliyekwisha kupata ziwa kwa kufuata maneno ya watu, si ajabu akatumaini kupata la pili.

La pili hilo ndilo Lorian. Wazungu wa wakati ule walikwisha kusikia kwamba mto Uaso Nyiro, ushukao kutoka pande za Mlima Kenya, waishia katika maji makubwa upande wa mashariki, katika nchi kavu. Hapakuwa na Mzungu aliyeyaona.

Mwezi wa Septemba 1892 msafara uliondoka pwani ya Lamu. Walikuwamo wapagazi zaidi ya mia moja walioandikwa Unguja, askari wa Kisudani, Wasomali wa kuchunga ngamia, tena punda, ng'ombe na farasi. Vitu vya kununulia chakula njiani vilikuwa nguo, shanga na masango, kwa kuwa fedha haikuwa na kazi katika nchi zile. Walishika njia ya Witu mpaka Tana, kisha wakapanda na mto.

Hapa ndipo msafiri apaswapo kujua jambo ambalo wenyeji hawahitaji kuambiwa: katika nchi ya Tana hakuna kiongozi mmoja wa nchi nzima. Mpokomo aujua mto. Ajua mahali pa kina na mahali pa mchanga, ajua mamba wakaa wapi, na mtumbwi mikononi mwake ni kama fimbo mkononi mwa mchungaji. Lakini umwondoe ukingoni mwendo wa siku mbili, naye awa mgeni. Mworma, ambaye vitabu vya zamani vilimwita Mgala, ajua malisho na madimbwi ya nyikani. Msomali ajua ngamia na visima vya mbali. Na juu zaidi wako Wamunyoyaya, waitwao pia Wakorokoro, ambao hata leo hulima kandokando ya mto karibu na Garissa. Basi mgeni hupokewa na huyu akakabidhiwa kwa yule, na kila apokewapo lugha hubadilika. Swali la Mzungu laingia katika Kiswahili, kutoka Kiswahili laingia katika Kiorma, na jawabu larudi kwa njia ile ile, kama maji yabebwayo katika kata yenye tundu.

Wanyama wengi wa msafara walikufa. Mbung'o ni adui wa mifugo katika vichaka vya mito, na wachungaji wa Tana wajua ni vichaka gani vya kuepukwa na kwa majira gani. Lakini msafara wenye mizigo mingi hauwezi kuliacha bonde la mto, kwa ajili ya maji ya kunywa watu mia na zaidi. Hii ndiyo dhiki ya mgeni: akifuata maji hupoteza wanyama, akiyaacha hupoteza watu.

Walifika Hameye, mwisho wa mwendo wa vyombo katika Tana. Mwaka uliotangulia, 1891, Kapteni Dundas alikwisha kufika huko na meli ndogo ya moshi iitwayo Kenia. Hapo Chanler akaweka kambi, akawaacha wengi wa watu wake, naye pamoja na von Höhnel na kikosi kidogo wakaelekea kaskazini mpaka Uaso Nyiro. Walipoufikia mto huo walipita kwenye maporomoko ya maji, ambayo tangu siku hiyo ramani huyaita kwa jina la Chanler. Wanyama walikuwa wakinywa pale na wachungaji walikuwa wakipita miaka mingi kabla yake, lakini ramani huandikwa na mwenye kalamu. Yako mengine kama hayo. Hirola, mnyama wa Garissa ambaye leo hawatimii 500 waliosalia porini, katika vitabu alipewa jina la Hunter, Mwingereza aliyempiga risasi kando ya Tana mwaka 1888.

Wakaufuata mto kwenda mashariki. Nchi ikazidi kuwa tambarare, mto ukazidi kupungua nguvu. Na mwisho wa mwendo wao hawakuona ziwa. Waliona kinamasi: nyasi na matete yaliyosimama katika maji na matope. Hapakuwa na mawimbi, wala ng'ambo ya kuchora katika ramani. Wakageuka, na mwezi wa Februari 1893 wakawa wamerudi Hameye.

Je, waliowapa habari za Lorian walisema uongo? Fikirini kwanza lugha. Kwa Kiborana neno haro ni bwawa la kunyweshea ng'ombe, na ziwa pia ni haro. Fikirini na majira. Mvua zikinyesha sana katika milima, Uaso Nyiro huja kwa nguvu na Lorian hutapakaa kiasi cha mtu kutoona mwisho wake. Jua likikaza, huwa nyasi, kisha huwa mavumbi. Mchungaji akisema kuna maji mengi Lorian, asema kweli ya siku aliyoyaona, na maji mengi kwake ni yale yatoshayo ng'ombe wake mpaka mvua ijayo. Chanler aliuliza kama yako maji, akajibiwa kama alivyouliza. Kwa mtu aliyetoka New York na mwenzake aliyeliona Turkana, maji makubwa yalikuwa na sura moja tu.

Baada ya hapo safari haikuwa na heri. Mwezi wa Agosti 1893 kifaru alimpiga von Höhnel pembe chini ya tumbo. Akalazwa katika machela, na mabega ya wapagazi ndiyo yaliyomchukua mwendo wote ule mpaka misheni ya Kibwezi, na kisha pwani. Alipona, akaishi mpaka mwaka 1942. Mwisho wa mwaka 1893 wapagazi wengi wakamwacha Chanler, wakarudi kwao. Maneno yakawa mengi huko Unguja: wao walisema walitendewa vibaya, yeye alisema walivunja mapatano. Lililo dhahiri ni kwamba bila wao hakuweza kuendelea hata kambi moja mbele, na mwanzo wa mwaka 1894 akaondoka. Kitabu chake kilitoka mwaka 1896, na baadaye akaingia katika Bunge la Marekani.

Na Lorian? Bado iko, upande wa Habaswein katika Kaunti ya Wajir, na wafugaji bado hupeleka wanyama wao huko wakati wa kiangazi. Jina la Habaswein kwa Kisomali ni mavumbi mengi, na kila apitaye pale kwa lori mwezi wa Februari aweza kushuhudia. Lakini chini ya mavumbi hayo maji ya Uaso Nyiro hayakwisha. Huzama mchangani, yakakusanyika katika hazina ya chini ya ardhi ambayo wataalamu huiita ya Merti, ielekeayo mashariki mpaka Somalia. Ndiyo inywewayo katika visima vya Habaswein, na ndiyo iliyonywesha kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, tangu zilipofunguliwa mwaka 1991. Chanler na von Höhnel waligeuka pale maji yalipoanza kuingia chini.