Ngano Tunazo, Usemi Wake U Wapi?



Nina dai moja tu jioni hii, na nalitoa mapema ili anayetaka kulipinga ajiandae. Ngano za kaunti zetu za Migori na Homa Bay tumezikusanya kwa kiasi cha kuridhisha. Tulichokiacha vijijini ni usemi wa wanaozisimulia.

Twendeni Nyandiwa, pwani ya Gwassi. Hapo Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara, alivuta wavu akakuta mwanamke badala ya samaki. Akampeleka nyumbani. Boma likajaa ng'ombe, naye akaota kiburi. Usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana mkewe kwa kumkumbusha alikomwokota. Mama yule hakujibu. Alishika njia ya ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho alibaki ufuoni akitazama mpaka akageuka mti, na wenyeji bado wanakuonyesha mahali penyewe.

Sasa, hebu niulize: alimtukana kwa maneno gani? Ngano nzima inaning'inia kwenye tusi hilo, lakini matoleo ya shuleni niliyoyasoma hulipita kwa neno moja, "akamtukana", yakaendelea na safari. Msimulizi hodari hapo ndipo anapotua. Anapandisha sauti, analewa kidogo, analitamka tusi kama linavyotamkwa kwao, na wasikilizaji wanajua mara moja kwamba boma limekwisha. Mhariri aliyelifuta kwa ajili ya adabu ametuachia mifupa.

Usafishaji huu una historia, na sehemu yake imeanzia hapa hapa kwetu. Mwaka 1906 Arthur Carscallen wa Kanisa la Waadventista alifungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay. Akajifunza Dholuo, lugha ya Waluo, akaandika sarufi yake, na baadaye matbaa ikaanza kuchapa vitabu papo hapo. Wanaisimu hugawa Dholuo katika lahaja mbili kubwa: ile ya ng'ambo ya mto Yala, na ile iitwayo ya Nyanza Kusini. Hii ya pili ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa maandishi. Kwa hiyo watu wa Homa Bay hawana sababu ya kulalamika kwamba lahaja yao ilidharauliwa. Ilipewa kiti cha mbele, ikawa lugha ya mimbari na ubao.

Aliyelipa gharama ni jirani. Kisuba, lugha ya Kibantu ya Rusinga, Mfangano na vilima vya Gwassi, kilikosa nafasi kanisani na darasani, na leo kimo katika orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Mfangano kuna mapango ya Mawanga na Kwitone yenye michoro ya kale, na watu wa kisiwani wanahusisha Kwitone na matambiko ya kuomba mvua. Ukisimuliwa habari za mapango hayo kwa Dholuo, au kwa Kiswahili cha mwongoza watalii, utapata kisa, ila hutapata jinsi mzee wa Mfangano anavyoliita wingu, upepo na mwamba. Ndiyo maana nawapongeza vijana waliotangaza kwa Kisuba kupitia redio ya Ekialo Kiona kisiwani humo.

Wakuria wa Migori wamenusurika zaidi, ingawa hata kwao koo za Abakira, Abagumbe, Abanyabasi na Abairege hawasemi sawasawa, na sijaona anayezingatia tofauti hizo anapoandika ngano zao.

Wapo waliotutangulia kwa kazi nzuri. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, akieleza mila za Waluo kwa Dholuo chenyewe. Uingereza nako, Joseph Wright, mtoto wa kiwandani Yorkshire ambaye hakujua kusoma mpaka alipokuwa kijana wa miaka 15, alitoa kamusi ya lahaja za Kiingereza kwa mabuku 6 kati ya 1898 na 1905. Humo aliweka maneno pamoja na michezo ya watoto, imani na desturi za mashambani, na mengi aliletewa na watu wa kujitolea, neno moja moja. Hakuona sababu ya kutenga msamiati na ngano. Sisi wa vyuoni tumeyatenga: isimu ghorofa hii, fasihi simulizi ghorofa ile, na wahusika hawasalimiani. (Msicheke, mnajua ni kweli.)

Zamani hatukuyatenga: katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee aitwaye pim, watoto walilala wakisikiliza ngano. Kwa kuwa mwanamke wa Kiluo huolewa nje ya ukoo wake, bibi huyo alikuwa amekuja na usemi wa kwao. Mtoto alilala Karachuonyo akaamka na maneno ya Kanyamwa. Hakuna kamusi ya lahaja itakayokamilika bila kuanzia kwa wanawake hawa.

Katiba ya 2010 imeziachia kaunti elimu ya chekechea na shughuli za utamaduni. Serikali za Migori na Homa Bay zina mamlaka hayo tayari; zianze kwa kuwalipa wasimulizi waingie madarasani. Nanyi wanafunzi, mkienda nyumbani Desemba, mrekodini nyanya kwa simu, andikeni kijiji alichozaliwa, na tusi la Nyamgondho msilifute.