Barua Zisizojibiwa



Wahitimu wa ununuzi na ugavi, habari za zabuni siwaongezei. Mmefundishwa, na mkisahau, NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, itawakumbusha. Nataka kusema juu ya mkataba uliokwisha sainiwa, kisha mambo yakaenda kombo.

Agosti 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma ya maji Dar es Salaam. Kazi ikawashinda, na mkataba wenyewe ulikuwa na njia ya kuwatoa. Lakini Mei 2005, siku za notisi zikiwa bado zinahesabiwa, waziri akatangaza hadharani kwamba mkataba umekwisha. Juni mosi ofisi zikachukuliwa na mameneja wakaondolewa nchini. Biwater Gauff, mwanahisa wao, akatupeleka kwa wasuluhishi wa ICSID, chombo cha Benki ya Dunia. Uamuzi ulitoka Julai 2008: Tanzania imekiuka mkataba wake wa uwekezaji na Uingereza, ila hailipi fidia, kwa kuwa kampuni ilikuwa haina thamani tena. Wapo wanaouita ushindi. Mimi nasema tuliponea chupuchupu. Ingekuwa kampuni yenye faida, pupa ile ingetutoa jasho.

Mbele ya msuluhishi uzalendo hausaidii. Atauliza: barua hii mliipokea lini, mkajibu nini? Mkandarasi mzoefu ana mtu wa kutunza madai tangu siku ya kukabidhiwa saiti. Kila mvua, kila hati ya malipo iliyocheleweshwa, ameiandika. Upande wetu, muhtasari wa kikao cha saiti haujasainiwa, na ofisa aliyeujua mradi ameshahamishwa.

Ndiyo maana napendelea upatanishi, tena mapema, mitambo ikiwa bado iko saiti. Mpatanishi hamlazimishi mtu. Anawakalisha mezani, mnavutana juu ya riba na nyongeza ya muda mpaka kieleweke. Maofisa wengi hukwepa wakihofia mkaguzi: mlilipa kwa nini? Swali halali kabisa. Mpeni hesabu ya dai, ushauri wa mwanasheria na kibali cha ofisa masuuli. Riba iliyopanda miaka miwili kwa sababu hakuna aliyethubutu kuamua, hiyo mtaielezaje?

Mliopangiwa halmashauri, mkiripoti ombeni jalada la mradi wenye malalamiko mengi kuliko yote. Tafuteni barua za mkandarasi ambazo hazijajibiwa, mwoneni mwanasheria wa halmashauri, mzijibu wiki hiyohiyo.