Kushuka na Mwenzako

Sisi wa Soy tumezoea uwanda wa mahindi. Mwaka mmoja tulipanda Mlima Kenya na vijana wa kanisa. Alfajiri tuliondoka kambini, Ziwa Ellis, twende juu ya jabali liitwalo Hekalu, tulitazame Ziwa Michaelson bondeni. Njiani kijana mmoja akaumwa kichwa, akatapika. Huko juu hewa ni nyepesi. Dawa yake ni kushuka. Tukanung'unika, maana jabali lilikuwa karibu. Mzee mmoja akamshika mkono, akateremka naye. Sisi tulifika, tukaliona ziwa likimetameta. Lakini hakuna aliyeimba.

Wapendwa, Bwana alishuka kwa ajili yetu. Je, leo tutashuka na nani? Ee Bwana, utusamehe haraka zetu. Amina.