HESHIMA YA MZEE SI KUMKALISHA
Hotuba kwa wazee na vijana wa Naliendele, Mtwara



Neno langu leo lahusu mifupa yetu.

Tunayo desturi njema ya kuwaheshimu wazee. Mtu akifika miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliuhesabu kuwa mwanzo wa uzee, wanawe humwambia, "Baba, pumzika. Mama, keti." Kiti huletwa barazani, jembe huondolewa. Nia ni njema, lakini heshima ya namna hiyo yaweza kumdhuru mtu. Mfupa si jiwe. Ni kitu chenye uhai, hubomolewa na kujengwa upya siku zote. Ukipewa kazi hujiimarisha. Ukikosa kazi hupungua. Tazameni wale wasafirio angani kwa vyombo: ni watu wenye afya na chakula bora, lakini kwa kuwa huko mwili hauna uzito, mifupa yao ya nyonga na mgongo hupungua kiasi cha asilimia 1 kila mwezi. Basi mzee akaaye barazani kutwa, mwaka hata mwaka, atasalimikaje?

Mifupa hufikia ukomo wa nguvu mtu akiwa karibu na miaka 30. Baadaye hupungua polepole, na kwa akina mama hupungua upesi zaidi baada ya kukoma hedhi. Udhaifu huu haupigi hodi. Hauumi wala hauonekani, mpaka siku mtu ateleze uani, avunjike nyonga au mkono. Nyonga ikivunjika, aliyekuwa mkulima huenda akawa mtu wa kitandani, na mjukuu akakosa shule ili amwuguze. Hiyo ni hasara ya nyumba nzima.

Wengine watasema, "Sisi twalima na kuokota korosho, mazoezi ya nini tena?" Wana haki. Kazi ya shamba ni mazoezi makubwa, nayo imewalinda wengi. Lakini msimu wa korosho huisha, na baada yake wengi hukaa. Tena mgongo uliokwisha dhoofika haupendi kuinama na kujipinda pamoja na mzigo. Basi mzee aokotapo korosho achuchumae, au akalie kigoda, wala asijaze kikapu pomoni.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wazee wajishughulishe walau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Watie nguvu misuli mara 2, na wajizoeze kusimama imara mara 3. Hayo hayataki fedha. Tembea kwa haraka. Inuka kitini na kuketi mara 10 bila kujishika. Simama kwa mguu mmoja karibu na shina la mkorosho, ili ukiyumba ulishike. Na sindimba ikilia, wazee msiwe watazamaji tu! Baiskeli yaufaa moyo, lakini kwa mifupa haitoshi, maana miguu haibebi uzito wa mwili.

Mfupa wataka chakula pia: dagaa waliwao na miiba yao, ufuta wetu, maziwa, mboga za majani, na jua juu ya ngozi. Tumbaku na ulevi huudhoofisha.

Aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, aonane kwanza na mganga wa zahanati. Wengine anzeni kidogo kidogo, mkiongeza kila juma.

Nanyi vijana, wapunguzieni wazee mzigo, lakini msiwanyang'anye kazi. Ondoeni magogo njiani, wekeni taa uani, kisha mwacheni bibi aende kisimani na ndoo ndogo aiwezayo. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi naongeza: mkaaji hula mifupa yake.